Pangani moja, njia tatu: kozi ya lazima, kuchanganya ndani ya fani, au kwenda kwa wazee?

"Shem, nina siku nne na machaguo matatu," aliniambia shemeji yangu kwenye simu, saa tatu za usiku, nyuma yake nasikia mtu anaosha vyombo. Anafundisha chuo kimoja huku kwetu Tanga, na wamemtia kwenye kamati ya kupitia mitaala. Kazi aliyopewa ni kupendekeza historia ya wenyeji na haki za jamii ziingie vipi kwenye shahada za chuo chao: iwe kozi moja ya lazima kwa wote, ichanganywe ndani ya kila fani, au wanafunzi wapelekwe vijijini wakasome kwa wazee. Alitaka ukurasa mmoja. Nilimwandikia zaidi ya huo, na sasa naugawa kwa yeyote aliyekalishwa kwenye kamati ya namna hiyo, au mwanafunzi anayeitazama orodha ya kozi za hiari na hajui aweke tiki wapi.

Jambo lenyewe halingoji. Mtaala mpya wa shule ulioanza kutumika 2024 una somo la lazima, Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Watoto wa mtaala huo watabisha hodi vyuoni miaka michache ijayo, wakiwa wamekwisha kusoma habari za Mkwawa na Kinjeketile kwa lugha yao. Chuo kikiwapokea kwa desa, yaani madokezo ya kukariri, la Kiingereza lenye mambo yale yale, watalala darasani, na sitawalaumu.

Kisa cha kupimia

Kulinganisha mitaala kwa maneno matupu hakumsaidii mtu, kwa hiyo nilichagua kisa kimoja nikakipitisha kwenye njia zote tatu. Pangani, 1888 hadi 1893. Ni kama kilomita 50 kutoka Tanga mjini, unakwenda asubuhi na jioni umerudi.

Agosti 1888 mawakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki walipandisha bendera yao Pangani. Kiongozi wao pale alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo. Mwezi uliofuata pwani ikawaka, Abushiri bin Salim akawa kinara wa vita, na Saadani akasimama Bwana Heri. Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa, Wasudani na watu kutoka Msumbiji. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Nyundo naye aliuawa Lugalo, Agosti 1891, mbele ya jeshi la Mkwawa.

Hapo ndipo vitabu vingi hufunga ukurasa, kumbe ukurasa unaofuata ndio tunaouishi sisi watu wa Tanga. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyosalimika ni 62. Vikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, miaka minne tu baada ya kitanzi cha Abushiri. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba yaliyoufunika mkoa mzima, na mashamba yakawaleta manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali.

Kuna na ukurasa wa tatu, huu husomwa kwa sauti ya chini. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba lake, akaliita Mwera. Yaani shujaa wetu alikuwa bwana shamba katika nchi ya watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka 1922, chini ya Waingereza. Hesabu mwenyewe vizazi: si mbali.

Sasa swali nililompa shemeji ni hili tu: mwanafunzi wako ataondoka na Pangani ipi?

Kozi moja ya lazima

Njia hii hatukuletewa na wageni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, chuoni ukafanyika mkutano juu ya nafasi ya chuo katika nchi ya ujamaa, na kutoka hapo likazaliwa somo la pamoja ambalo kila mwanafunzi alipaswa kulisoma, awe wa sheria au wa kemia. Ndilo lililokuja kuwa DS (Development Studies, somo la maendeleo) tunayoijua. Wazo lilikuwa zuri: daktari asiyejua kwa nini mgonjwa wake ni maskini hajakamilika. Ila tusisahau kwamba lilizaliwa na ugomvi, na hadi leo wanafunzi wengi hulisoma kama watu wanaotumikia adhabu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna anayekwepa. Kwa njia nyingine zote mhandisi anaweza kumaliza miaka minne bila kusikia neno manamba. Pia ni rahisi kuliendesha: mhadhiri mmoja au wawili, ukumbi mmoja, kipaza sauti.

Lakini ngoja nikuambie ulivyokuwa ukumbi wangu. Nilisoma chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa mamia, waliochelewa wakisikiliza kutoka dirishani, na kipaza sauti kikikwaruza kila mhadhiri alipogeuka ubaoni. Mtihani ukaja na swali: taja na ueleze sababu sita za upinzani wa Abushiri. Sababu zenyewe nilikuwa nimezikariri kwa herufi zake za mwanzo, nimezigeuza jina la mtu ili zisinipotee. Nikaziandika zote sita, nikapata alama nzuri. Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani mpaka alipofariki, na katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza lolote. Desa lilinitosha. Hilo sijamsamehe aliyenifundisha, wala mimi mwenyewe sijajisamehe.

Kwa hiyo Pangani ya kozi ya lazima, inapoendeshwa vibaya, ni sababu sita. Mkonge uko kwenye mada nyingine, wiki ya tisa. Watumwa wa Mwera hawapo kabisa, kwa sababu swali la "shujaa huyu alikuwa na watumwa" halina jibu la alama mbili mbili.

Wanaoitetea njia hii hupenda kutaja Kanada, na ni mfano mzuri, ila wautaje wote. Kule, kwa zaidi ya karne moja, watoto wapatao 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi walipelekwa shule za bweni ili wasahau lugha na desturi zao. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilimaliza kazi 2015 na kutoa miito 94 ya kuchukua hatua. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Winnipeg kikaanza kumtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome walau kozi moja kuhusu wenyeji wa nchi ile. Kinachosahaulika huku kwetu ni hiki: haikuwa kozi moja kwenye ukumbi mmoja. Mwanafunzi anachagua kutoka orodha ndefu ya kozi zilizokubaliwa, za idara mbalimbali. Lazima ipo na hiari ipo ndani yake. Hilo ni tofauti kubwa kuliko linavyosikika, maana mtu aliyechagua mwenyewe hata kati ya vitu kumi huingia darasani na uso mwingine.

Kuchanganya ndani ya fani

Hapa hakuna kozi mpya. Muuguzi anakutana na historia kwenye uuguzi, mwanasheria kwenye ardhi, mtu wa kilimo kwenye zao. Ile tume ya Kanada yenyewe ilifikiri hivyo pia: mwito wa 24 unazitaka shule za udaktari na uuguzi zifundishe afya ya wenyeji pamoja na habari za shule zile za bweni, na wa 28 unazitaka shule za sheria zifundishe sheria za wenyeji na mikataba waliyofungishwa. Kila mtu kwa kazi yake.

Mfano ninaoupenda kuliko wote unatoka New Zealand. Muuguzi Mmaori, Irihapeti Ramsden, aliona wauguzi wakifundishwa "utamaduni wa Wamaori" kama orodha ya mambo ya kukumbuka: hawa hula hiki, hawagusi kile. Yeye akageuza meza. Akasema mwanafunzi ajichunguze kwanza yeye na nguvu aliyo nayo juu ya mgonjwa, na anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi ile likaliingiza jambo hilo kwenye mafunzo ya wauguzi wote. Unaona kilichobadilika? Anayesahihisha si mhadhiri tena. Ni yule aliyelala kitandani.

Tangu nilipolielewa hilo, kila nikiletewa mtaala nauliza swali moja kabla ya mengine: karatasi hii inasahihishwa na nani? Kama anayeweza kusema "umekosea" ni mhadhiri peke yake, basi historia ya wenyeji imehamishwa tu kutoka kwa mwenyewe kwenda ofisi yenye kiyoyozi.

Turudi Pangani. Mwanafunzi wa kilimo anajua kuhusu Hindorf, hilo huwa halikosekani. Vichipukizi 62 ni hadithi tamu ya utangulizi. Anajua nafasi kati ya mche na mche, anajua jani hukatwa mkonge ukiwa na umri gani, anajua korona, ile mashine ya mkonge, inavyoliponda jani hadi zibaki nyuzi. Asichoulizwa ni nani aliyefyeka Kikogwe, nani alipalilia, na kwa nini watu wa pwani hawakutaka kazi ile hata ikabidi nguvukazi itafutwe mbali. Maswali hayo si ya idara ya historia. Ni ya kilimo, kwa sababu ukiyajua unaelewa kwa nini mpaka leo kijana wa Muheza ukimtajia kukata mkonge anakunja uso.

Kwa sheria mfano uko mlangoni kwetu. Mkomazi, ambayo sehemu yake iko mkoa wa Tanga, ilifanywa pori la akiba 1951. Mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikakataa wasirudi; mojawapo ya mambo yaliyopimwa ni nani hasa alitangulia kufika pale. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mwanafunzi wa sheria anaweza kuzisoma zote tatu kama vifungu, akafaulu. Anaweza pia kuulizwa: ushahidi wa "nani alitangulia" unaletwaje na watu ambao baba zao hawakuandika? Swali la pili halihitaji kozi mpya. Linahitaji mhadhiri aliyekaa nalo.

Na hapo ndipo njia hii inapovuja. "Kila idara itafundisha" kwa kawaida maana yake hakuna idara itakayofundisha. Mtu wa agronomia atakwambia, na ana haki, kwamba yeye si mwanahistoria. Ataongeza aya mbili mwanzoni mwa muhtasari wa kozi, kamati itapiga muhuri, na jambo litakwisha kama chumvi iliyotiwa kwenye pipa la maji. Nimeshuhudia. Kwa hiyo ukichagua njia hii usikubali kuonyeshwa muhtasari. Omba uonyeshwe karatasi ya mtihani ya mwaka jana. Kama hakuna swali hata moja, hakuna kilichochanganywa.

Kwenda kwa wazee

Hii nayo ina babu yake hapa nchini. Mwaka 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam ilianza kuwatuma wanafunzi kwenye wilaya zilizopigana vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakawaandika wazee waliokuwa wangali hai. Walichorudi nacho kiliharibu picha iliyokuwa imezoeleka, ya vita kimoja chenye sababu moja. Mahali hapa ilikuwa pamba ya kulazimishwa, mahali pale kodi, kwingine ugomvi wa majirani uliokuwapo kabla ya Mjerumani. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ndio waliotoa jasho hilo. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo ambayo chuo kinaweza kumpa mtoto wa miaka 21.

Mwaka juzi nilipeleka wanafunzi 14 kwenye kijiji kimoja cha Muheza kinachopakana na shamba la mkonge. Binti mmoja, hodari sana darasani, akaketi mkekani mbele ya mzee aliyefika Tanga 1958 akitokea Kasulu, kwa treni hadi Morogoro na kisha lori. Akaamkia vizuri, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, halafu akafungua daftari na kusoma: "Babu, ni changamoto zipi za kijamii na kiuchumi ulizokabiliana nazo ukiwa kama mfanyakazi mhamiaji?"

Mzee akamtazama, akanigeukia mimi. "Mwalimu, huyu mtoto anauliza nini?"

Swali lilikuwa Kiingereza kilichovaa kanzu. Binti akaona haya, akafunga daftari. Mzee akamwonea huruma. "Niulize kipande," akamwambia.

Akamuuliza kipande, ikapita saa moja na nusu. Kwamba ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara unangoja kadi ijae. Kwamba jani la mkonge lina mwiba nchani, na nyapara siku ya kwanza hukufundisha kuondoa ncha kabla ya kitu kingine, maana wapo walioacha jicho shambani. Akafungua kiganja, chini ya kidole gumba pana kovu jeupe kama uzi. Posho wakipimiwa kwa kibaba, na wenye familia wakilalamika kwamba tumbo la mtoto halimo kwenye kipimo.

Baada ya wiki tatu tulirudi, na hili ndilo nalitilia mkazo: tulirudi. Binti akamsomea alichoandika. Alipofika kwenye sentensi "wafanyakazi walilipwa kila baada ya siku 30," mzee akainua mkono.

"Aa-aa. Siku thelathini za kipande hizo, si za mwezi. Ukiugua haiandikwi. Usipomaliza ngwe haiandikwi. Mimi kipande kimoja kimewahi kunila mwezi na nusu. Ukiandika hivyo watasema tulilipwa vizuri."

Akafuta. Ripoti niliyoitolea alama ni ile ya pili. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kusahihishwa na mwenye kipande.

Sasa ubaya wake, maana nisije nikaonekana napigia debe. Kwanza fedha: usafiri, chakula cha mchana, kitu cha kumshika mkono mzee, hata kama ni sukari na majani ya chai. Na bumu la wanafunzi likichelewa safari imekufa. Pili, watu. Wanafunzi 14 niliwamudu. Mia saba ungevivamia vijiji, usingevitembelea. Tatu, wazee wanachoka. Mama mmoja alituambia wazi kwamba kila mwaka wanakuja watoto wenye kalamu, wanaandika, wanaondoka, na hajawahi kuona hata karatasi moja ikirudi. Nne, mzee si msahafu. Anasahau, anajikweza, anamsitiri ndugu yake. Kwa vita vya 1888 hakuna aliye hai, ni "babu alinihadithia kuwa baba yake," kwa hiyo lazima simulizi ikae pamoja na maandishi. Bahati nzuri pwani iliandika: Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliacha utenzi mrefu juu ya Wadachi (Wajerumani) kuitamalaki Mrima, yaani kuitawala pwani, kwa Kiswahili, kutoka upande wa waliovamiwa. Mwanafunzi wa Tanga anayemaliza shahada ya historia bila kuugusa amedhulumiwa.

Tano ni nzito zaidi. Utumwa. Ukimuuliza mtu wa Pangani kama ukoo wake ulikuwa wa watumwa au wa waungwana, unaweza kuvunja nyumba kwa swali moja. Yapo mambo ambayo majirani wanayajua na wameamua kuyanyamazia ili waoane. Mimi nawakataza wanafunzi wangu kuuliza ukoo. Wanauliza kazi: shamba lilikuwa wapi, nani alikamua miwa, walikula nini, walizikwa wapi. Mwenye kutaka kusema la ukoo atalisema mwenyewe, na akilisema, kalamu inawekwa chini mpaka aruhusu. Kozi ya ukumbini inaweza kulijadili jambo hili bila kumuumiza mtu yeyote, na hilo nalikiri kuwa sifa yake.

Mwenyeji ni nani, kwanza?

Shemeji aliniuliza hili mwishoni, nami nikamwambia ndilo lingetangulia. Kanada au New Zealand mstari uko wazi kiasi: kuna waliokuwapo na kuna waliokuja na meli. Huku kwetu ukiandika "historia ya wenyeji" kwenye mtaala, ofisi moja itafikiri Wahadzabe na Wamasai, nyingine itasema Watanzania weusi wote ni wenyeji, na Mtanga wa mtaani atafikiri Mdigo, Mbondei, Msegeju na Msambaa, wengine wote ni watu wa kuja.

Mji wenyewe tunautania "waja leo waondoka leo." Manamba walikuja na hawakuondoka. Wapo Waha, Wamakonde, Wangoni, Wabena ambao makaburi ya babu zao yako kwenye mashamba ya mkonge, watoto wao wanasema Kiswahili cha Tanga kuliko mimi, na bado kwenye ugomvi wa kiwanja huambiwa warudi kwao. Ukitunga kozi ya "wenyeji" yenye makabila manne tu, umefundisha dhuluma kwa jina la haki. Na ukimweka Abushiri, baba yake Mwarabu, shamba lake la miwa, vita vyake dhidi ya Wadachi, utamweka upande gani wa mstari? Mimi simweki. Nawaachia wanafunzi wabishane, na ubishi huo huwa ndio kipindi bora cha muhula.

Kwa hiyo mtaala wowote uandike maana yake ya mwenyeji ukurasa wa kwanza, na uiandike kwa Kiswahili ambacho mjumbe wa mtaa atakielewa.

Nilichomwambia achague

Chuo chake kina wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mia saba na wahadhiri wa historia wawili. Kwa hesabu hiyo kozi ya ukumbi mmoja itawashinda wale wawili ndani ya mihula miwili, watarudi kwenye desa na sababu sita. Nimemshauri aanze na kuchanganya ndani ya fani, lakini si fani zote. Nne tu: sheria, uuguzi, kilimo, ualimu. Kila moja na zoezi moja lenye alama za kutosha kumuuma mtu, na zoezi hilo lisomwe mbele ya mtu wa nje ya chuo aliyeyaishi yanayoandikwa: mfanyakazi wa zamani wa korona, mkunga wa kijiji, mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Hao ndio watakaosema "aa-aa." Wapewe posho halali, isiwe ahsante ya mdomo.

Kwenda kwa wazee kuwekwe mwaka wa tatu, hiari, wasizidi 20 kwa kijiji, na sharti liwe safari mbili. Kama bajeti inatosha safari moja tu, asiende. Ripoti nakala moja ibaki kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.

Kamati ikikaza shingo kwamba lazima kuwe na kozi ya wote, achukue mtindo wa Winnipeg, orodha ya kuchagua, hata iwe na kozi tano. Na ikishindikana hata hiyo, basi swali la "taja sababu sita" lifutwe, badala yake kila mwanafunzi alete kitu kimoja kutoka kwao: kipande cha babu, stakabadhi ya kodi ya kichwa, wimbo wa kupalilia, jina la mahali lililobadilishwa, na aandike kurasa tatu jinsi kilivyofika nyumbani kwao. Hata kwenye ukumbi wa mia saba, karatasi hizo haziwezi kufanana.

Mwanafunzi anayechagua mwenyewe nampa ushauri mfupi zaidi. Kama unaogopa sapu na unataka kumaliza, ukumbi hautakuumiza. Kama unajua kazi utakayofanya, tafuta kozi ya fani yako yenye zoezi la nje. Kama una babu au bibi aliye hai, chukua kozi ya wazee hata kama ratiba inabana, na uanzie nyumbani kabla ya basi la chuo.

Jambo la mwisho aliloniuliza ni lini aende, akichagua kwenda. Barua ya utambulisho ipelekwe wilayani mapema, walau wiki tatu kabla, maana kutoka hapo inashuka kwa mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na kila meza ina siku zake. Asipange Ramadhani. Asipange Aprili wala Mei, masika yakishika barabara za mashambani hazipitiki na watu wako kwenye palizi. Julai ni nzuri, kipupwe, wazee wanaota jua nje asubuhi. Afike saa mbili, kabla hawajakwenda kahawani.